Vidole Kwanza, Mfuko Baadaye

Mtu akiamua leo kujifunza zumari ya mfuko, ile ya Waskoti wanaovaa sketi za mirabaraba, jambo la kwanza atakaloambiwa na mwalimu ni kwamba hataigusa. Si wiki hii wala mwezi ujao. Kwa kawaida hupita miezi sita, na mara nyingi mwaka mzima, kabla mfuko haujaingia kwapani. Badala yake atakabidhiwa bomba jembamba lenye matundu, refu kiasi cha dhiraa moja, ambalo likipulizwa hutoa sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Bomba hilo ndilo chanta ya mazoezi. Wapo wanaoishia hapo hapo.

Wasomaji wengi wameisikia zumari hii bila kuitafuta. Tarehe 19 Septemba 2022, ibada ya mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili ilipokuwa inafungwa ndani ya Westminster Abbey jijini London, mpiga zumari wake, Paul Burns, ndiye aliyepiga maombolezo ya mwisho, kisha akageuka na kuondoka taratibu huku bado anapiga. Cheo chake si cha jana. Malkia Victoria alimwajiri mpiga zumari wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1843, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kupiga kwa robo saa, saa tatu asubuhi, chini ya dirisha la mfalme au malkia aliyepo. Aliyeyatazama mazishi yale kwenye televisheni, moyo ukamruka, akashika simu kutafuta mahali pa kununua zumari, huyo ndiye ninayemwandikia hapa. Ningemwomba asinunue kwanza.

Ukimtazama mpigaji, mashavu yamevimba na uso umeiva, utadhani kazi yote iko kwenye mapafu. Mapafu yanahitajika, lakini hata mtoto wa miaka kumi huyapata ya kutosha. Ugumu wenyewe umejificha kwingine. Tofauti na filimbi au tarumbeta, zumari hii haina namna ya kunyamaza katikati ya wimbo. Mfuko ukishajaa na mkono ukishaubana, hewa hupita mfululizo hadi mwisho. Mpigaji hawezi kuikata sauti kwa ulimi wake, maana mdomo uko mbali na vile vipande viwili vyembamba vya tete vinavyotetemeka ndani ya chombo. Hawezi pia kuipandisha ikawa kubwa au kuishusha ikawa ndogo: sauti ni ileile, kwa harusi na kwa maziko. Watu wa Pwani wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mpiga zumari wa chakacha huweka akiba ya hewa mashavuni, akaisukuma nje huku anavuta nyingine kwa pua, na wimbo wake hauna pengo. Mskoti amelitoa shavu mdomoni akalitia kwapani.

Sasa jiulize: ikiwa sauti haikatiki, noti mbili za aina moja zikifuatana msikilizaji atajuaje kwamba ni mbili? Jibu ni vidole, na humo ndimo ulimo ufundi wote wa zumari hii. Mpigaji huinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kukirudisha mahali pake upesi mno, kiasi kwamba sikio halisikii noti mpya, linasikia mkato tu. Hiyo ni noti ya pambo, ingawa jina hilo linaipunja, kwa sababu bila yake hakuna muziki, kuna mlio. Zipo zinazopigwa moja moja, zipo mbili mbili, na zipo zinazofungwa pamoja nne au tano ndani ya muda wa kupepesa jicho. Mojawapo, inayoitwa birl, ni ya kidole kidogo cha mkono wa kulia peke yake: kinapita juu ya tundu la chini mara mbili kwa mfyagio mmoja, na hutoa mngurumo unaomfanya kila mwanafunzi mpya aanze kukilaani kidole ambacho hakuwahi kukifikiria maishani.

Chanta ya mazoezi imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ina matundu saba mbele na moja nyuma, kama chanta ya zumari kamili, yaani bomba lake la kupigia wimbo, ila inapulizwa kwa mdomo na sauti yake ni ya chumbani. Mkono wa kushoto hukaa juu, wa kulia chini, hata kwa wanaotumia shoto, labda mwalimu wao awe mpole sana. Kidole gumba cha kushoto huziba tundu la nyuma, vitatu vinavyokifuata huziba ya mbele, na vinne vya mkono wa kulia huziba yaliyobaki. Hapa ndipo waliozoea filimbi za shule wanapokosea: wanaziba kwa ncha za vidole. Kwenye chanta vidole hunyooka, na mkono wa chini huziba kwa nyama ya pingili ya kati. Hewa ikivuja hata kidogo chini ya kidole kimoja, utasikia mlio wa kukwaruza. Dawa yake si kubana kwa nguvu. Kidole kilichokakamaa huchelewa, na kwenye zumari hii kuchelewa kunasikika hadi mtaa wa pili.

Noti zenyewe ni tisa tu, hazizidi. Mtu aliyetoka kwenye piano husikia idadi hiyo akatabasamu. Asitabasamu mapema. Chukua hatua moja inayoonekana ndogo kuliko zote, ya kutoka D kwenda E, noti zinazokaa jirani. Kwenye D, vidole vitatu vya mkono wa kulia viko juu, kile kidogo kiko chini, na mkono wa kushoto wote umeziba. Kwenye E mambo yanapinduka: vile vitatu vinashuka, kidogo kinapanda, na kidole cha pete cha kushoto kinanyanyuka. Vidole vitano, mikono miwili, wakati mmoja. Cha kushoto kikichelewa kidogo tu, matundu yote ya juu yanakuwa yamezibwa na A ya chini inachungulia katikati kama mgeni asiyealikwa. Kwenye chombo kingine kosa hilo lingemezwa na ukimya. Hapa hakuna ukimya wa kulimeza. Ndiyo maana mwalimu mzuri humweka mwanafunzi kwenye hatua hiyo moja kwa siku nzima, pole pole, kwa mwendo wa kuchosha, mpaka A ile isionekane tena.

Kuna hila moja ambayo karibu kila anayeanza huigundua bila kufundishwa. Kwa kuwa chanta ya mazoezi hupulizwa kwa mdomo, anaweza kuzitenganisha noti kwa kukata pumzi kwa ulimi, kama anayesema “tu, tu, tu”. Wimbo utasikika safi na nyumbani watampigia makofi. Siku atakapopewa mfuko, wimbo wote utayeyuka ukawa uji, na miezi aliyotumia itabidi airudie. Mwalimu akiketi karibu hulikamata kosa hili kwa dakika moja. Anayejifunza peke yake kwa video anaweza kukaa nalo mwaka mzima bila kujua. Kwa sababu hiyo nawasihi wanaojifundisha wenyewe watafute mtu wa kuwasikiliza, hata kwa simu, hata mara moja kwa mwezi.

Walimu hawakosekani siku hizi. Glasgow ndiyo Makka ya fani hii. Mwaka 1944 Seumas MacNeill na Thomas Pearston walianzisha huko chuo cha zumari, College of Piping, na mwaka 1953 chuo hicho kikatoa kitabu cha wanaoanza chenye jalada la kijani ambacho vizazi vya wapigaji, kuanzia Canada hadi New Zealand, wamekisomea. National Piping Centre ilifunguliwa mjini humo mwaka 1996, na taasisi hizo mbili zikaungana mwaka 2018. Masomo ya video yanatolewa, kwa hiyo aliyeko Arusha au Kisumu hana haja ya kupanda ndege. Anachohitaji ni chanta, kitabu, na nusu saa kila siku. Nusu saa ya kila siku huzaa kuliko saa nne za Jumamosi, kwa sababu vidole husahau haraka.

Kabla ya vitabu, somo lilikuwa la kuimbwa. Kwenye kisiwa cha Skye, ukoo wa MacCrimmon uliwapigia zumari machifu wa MacLeod wa Dunvegan, baba akimwachia mwana, na shule yao ya Boreraig ilipokea wanafunzi kutoka koo nyingine. Mwalimu hakuandika noti. Aliziimba kwa silabi maalumu, “hiharin”, “hodroho”, kila silabi ikiwa na noti yake na mapambo yake ndani. Mtindo huo, unaoitwa canntaireachd, ungali hai kwa ajili ya nyimbo kubwa za kale, piobaireachd, ambazo moja huweza kuchukua zaidi ya robo saa: huanza na wazo la polepole, halafu linarudiwa na kurudiwa, mapambo yakizidi kusukwa. Anayeanza hatazigusa nyimbo hizo kwa miaka. Lakini kuimba kabla ya kupiga ni silaha ambayo anaweza kuichukua siku ya kwanza, bure. Wimbo usioweza kuutoa mdomoni vidole havitaukuta.

Nyimbo za mwanzo za anayeanza zitakuwa nyimbo fupi za gwaride na nyimbo za ibada. Amazing Grace haikwepeki. Bendi ya kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards iliifikisha nafasi ya kwanza kwenye chati za Uingereza mwaka 1972, na tangu hapo kila mpigaji huombwa kuipiga, apende asipende. Ninaoupenda zaidi mimi ni Green Hills of Tyrol. Kiongozi wa zumari John MacLeod aliusikia ukipigwa na bendi ya askari wa Sardinia wakati wa Vita vya Crimea, akauhamishia kwenye zumari. Askari wale nao walikuwa wameutoa kwenye opera ya Rossini, William Tell. Kwa hiyo wimbo ambao dunia inaapa ni wa Kiskoti kabisa una baba Mwitaliano.

Na zumari yenyewe, je? Hapa habari inarudi nyumbani, tena haijifichi. Mabomba ya zumari kamili yamechongwa kwa mpingo. Zamani mafundi wa Uskoti walitumia miti ya kwao kama laburnum, baadaye mbao za Karibiani na ebony, hadi karne ya 19 mpingo ulipoanza kuingia na kuishinda yote. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, haunywi unyevu wa pumzi kirahisi, na kwenye mashine ya kukereza hukubali kukatwa kwa vipimo vya unywele. Sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, misitu ileile iliyowapa Wamakonde malighafi ya kuchongea.

Wanaojifunza Ulaya husomeshwa majina ya MacCrimmon, lakini ni nadra kusikia habari za Kikole na Kisangi, vijiji vya Kilwa ambavyo mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cheti cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Hawajasikia pia habari za hayati Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1996 yeye na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kupanda mpingo. Kazi hiyo inadai moyo mkubwa: mpingo unaopandwa leo huweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, na shina lake mara nyingi limejipinda au limepasuka kwa moto wa msituni, hivyo sehemu kubwa ya gogo haifai kutengenezea mabomba. Nadhani mwanafunzi wa zumari angekuwa na heshima zaidi na chombo chake kama angeliona gogo lenyewe kwanza.

Kwa anayeanza, hata hivyo, mpingo si lazima. Chanta ya mazoezi ya plastiki ngumu ni nzuri, haipasuki kwa joto, na hupatikana kwa chini ya pauni mia moja. Ajihadhari na seti za kupendeza zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zumari nzima na sanduku lake. Nyingi ni za kutundika ukutani. Matundu hayako mahali pake, na mwanafunzi atapigana na chombo akidhani anapigana na vidole vyake. Zumari kamili ya kupigika huanzia kama pauni elfu moja.

Siku ya mfuko

Inafika siku mwalimu anasema haya, tayari. Mwanafunzi anajua nyimbo sita au saba kwa moyo, anainua zumari begani, na hawezi kupiga hata mmoja. Asife moyo, ndivyo ilivyo kwa wote.

Zumari kamili ina mabomba matatu ya mvumo yanayoegemea bega la kushoto, mawili ya kati na moja la besi, yote yakivuma A bila kubadilika: yale mawili oktavu moja chini ya A ya chini ya chanta, besi oktavu mbili. Kila bomba lina ulimi wake, wa tete au wa kutengenezwa kiwandani, na kila ulimi unataka hewa. Kwa hiyo mwalimu huyaziba yote matatu kwa vizibo, abaki na chanta peke yake. Mwanafunzi anapuliza, mfuko unajaa, na anapoacha ili avute pumzi, kiwiko kinabana kwa nguvu ileile iliyokuwa inatoka mdomoni. Maneno ni mepesi. Kiutendaji, mkono hubana mapema na sauti inapaa, au huchelewa na sauti inazama huku inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Wiki za mwanzo hupigi wimbo wowote. Unashika noti moja na kuitazama, kama anayebeba bakuli lililojaa, isiyumbe. Kisha kinafunguliwa kizibo cha bomba moja. Baada ya siku kadhaa, cha pili. Besi huja mwisho.

Mabomba yakishalia huanza kazi ya kuyapatanisha, kwa kuyarefusha au kuyafupisha kwenye maungio yaliyozungushiwa uzi wenye nta. Yakipishana kidogo na chanta, utasikia mpigo hewani, wo-wo-wo; yakikaribiana mpigo unapungua kasi, halafu unapotea. Masikio mengi huhitaji muda kulitambua hilo. Mwenye haraka hununua kifaa cha elektroniki cha kupima sauti, na si dhambi, ila bendi huwasikia upesi wale waliokiachia kifaa kazi yote.

Sauti ni jambo la kuzungumza na majirani kabla, si baada. Zumari hii hupita desibeli 100, na mpigaji mwenyewe ndiye aliye karibu nayo zaidi, hivyo avae vizibo vya masikio. Uskoti wengi huenda kupigia kandokando ya bahari au kwenye maegesho matupu.

Usafi pia, na hapa sitanii. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha taarifa ya madaktari wa Manchester kuhusu mzee wa miaka 61 aliyekuwa akipiga zumari kila siku. Alikohoa na kuishiwa pumzi kwa miaka, akapata nafuu ya ghafla alipokaa Australia miezi mitatu bila chombo chake, akarudi na ugonjwa ukarudi. Alifariki mwaka 2014. Ndani ya zumari yake walikuta kuvu wa aina nyingi, na madaktari waliona kwamba huenda ndio waliokuwa chanzo cha mapafu yake kudhurika. Pumzi ina maji, na mfuko ni mahali pa giza na joto. Kila baada ya kupiga, pitisha kitambaa ndani ya mabomba, toa ndimi zikauke, ioshe chanta ya mazoezi kwa maji na sabuni. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe tayari ni mbichi, ushauri huu una uzito mara mbili.

Na anayetafuta wapigaji wa kuwasikiliza karibu, aliye Muscat ana bahati asiyoijua. Hayati Sultani Qaboos wa Oman alisoma Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, kisha akatumikia kwenye kikosi cha Waskoti cha Cameronians kilichokuwa Ujerumani, na Oman ya leo ina bendi za zumari katika majeshi yake, wakiwemo wapigaji wanawake, na bendi nyingine inayopiga ikiwa juu ya ngamia. Pwani ya Ghuba yenyewe ina zumari ya mfuko ya kwake, habban, mfuko wa ngozi ya mbuzi, iliyokuwa ikichangamsha ngoma za bandarini kabla Mskoti hajafika.

La mwisho ni kwa atakayefika hatua ya kununua zumari kuukuu, ambazo mara nyingi ni nzuri kuliko mpya. Nyingi za zamani zimepambwa pete za pembe za ndovu kwenye maungio, na pembe hizo haziruhusiwi kuvuka mipaka bila kibali. Mwaka 2014 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakitoka kwenye mashindano Canada walinyang'anywa zumari zao mpakani kwa sababu hiyo, wakarudishiwa baadaye. Mpingo wenyewe umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ingawa ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019. Kwa hiyo uliza pete ni za nini, na ukijibiwa ni za pembe, omba karatasi zake kabla ya kutoa fedha. Zenye pete za plastiki hulia vilevile.